Mbwa wa Maalim Ana Kazi

Kwanza nikiri mwenyewe, nisije nikasemwa nyuma: fitina ile niliianzisha mimi. Wengine waliokuja kukunja nyuso baadaye walifuata tu. Mimi ndiye niliyeuona unywele mweupe kwenye mkono wa kanzu ya Maalim, Jumamosi asubuhi, pale kwenye ukumbi wa Guildford, hapa Sydney, tunapowapeleka watoto chuoni kusoma Kurani, na mimi ndiye niliyeuliza kwa sauti mbele ya wazazi wote, "Maalim, huo unywele ni wa nini?" Naye, badala ya kusema ni wa paka kama mtu yeyote mwenye akili zake, akauchomoa, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Wa mbwa, Mama Nasra. Nisamehe, nimevaa haraka."

Wa mbwa! Mwalimu wa dini! Nilikaa kitako kwenye kiti cha mtoto.

Ukoo wake siujui, wala mwaka aliozaliwa sijawahi kumwuliza. Lafudhi yake ni ya pwani, na mimi mtu wa Tanga hilo halinipiti. Sisi tulimwita Maalim, watoto walimwita Maalim, na hata Waaustralia aliofanya nao kazi ya kutunza wazee majumbani walimwita Maalim, wakidhani ndilo jina alilopewa na mama yake. Mfupi, kifua kipana, na sauti ndogo isiyolingana na kifua hicho. Ukitaka kumsikia ilibidi unyamaze, na kwa mtu kama mimi hiyo peke yake ilikuwa adhabu.

Kwenye saa alikuwa mkali mno. Chuo kinaanza saa tatu, na saa tatu mlango unafungwa. Ukifika saa tatu na dakika mbili utasimama nje mpaka somo la kwanza liishe, mtoto na mzazi wake. Mimi nimesimama pale kwenye mvua, nimetoka zamu ya usiku hospitali ya Westmead, sare bado iko mwilini, Nasra ananiangalia kana kwamba mimi ndiye niliyezuia treni. Lakini mwalike Maalim huyo huyo kwenye harusi! Atakuja watu wameshakula, wameshanawa, wanakunja mikeka. Nilipomwambia kwamba hiyo si haki, alijibu, "Harusi haina mtoto anayenisubiri."

Alikuwa haogopi nyoka. Mara moja aliingia nyoka chooni pale ukumbini, wazazi tukapanda juu ya meza, yeye akamtoa kwa ufagio huku akimwongelesha taratibu. Ila wale ndege weusi wenye mabaka meupe ambao mwezi wa tisa hushuka kutoka mitini na kudonoa watu vichwani, hao walimtia kiwewe. Mwezi wa tisa wote Maalim alitembea Guildford amevaa helmeti ya baiskeli juu ya kofia yake ya kiua, na baiskeli hana. Watoto walikuwa wanamwona kwa mbali wanakufa kwa kucheka. Yeye akiingia ndani anaivua, anaiweka kwenye kona, anasema, "Haya, tulipoishia."

Namna yake ya kufundisha ndiyo iliyonifanya nimpende kabla sijamchukia. Hakuwa na fimbo, wala hakupiga kelele. Alifumba macho akasikiliza, na mtoto akikosea, Maalim alinyamaza. Hakusahihisha. Alikaa kimya, mtoto akarudi nyuma, akajaribu tena, akakosea tena, akarudi, mpaka mwenyewe akaipata. Ndipo Maalim anafumbua macho na kutabasamu. Mimi nilikuwa nakaa nyuma natamani kurusha jibu kama jiwe. Siku moja nikamwambia, "Maalim, si umwambie tu, tukapike?" Akasema, "Anayeijua njia na amnyamazie anayeitafuta." Huo ndio ulikuwa msemo wake. Ukimwomba ushauri wa mume, wa kazi, wa mtoto mkaidi, utaupata huo huo.

Nasra wangu alikuwa hasomi kwa mtu. Nilikwishampeleka kwa walimu wawili, wote wakamrudisha. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, ukimwambia asome anajifanya kichwa kinamuuma. Kwa Maalim alikaa mwaka mmoja, na siku moja niko jikoni nikamsikia chumbani anasoma peke yake, bila kuamrishwa, anajikosoa na kurudia. Nilizima jiko nikalia. Kwa hiyo mjue, nilipouona ule unywele, aliyekuwa kwenye hatari ya kunitoka hakuwa mwalimu hivi hivi.

Sasa niwaeleze mbwa alivyomfikia.

Kati ya wazee aliowatunza alikuwepo mzee mmoja wa Kiswidi, mjane, aliyehamia Sydney ujanani. Maalim alimwogesha mara tatu kwa wiki kwa miaka minne. Mwishoni ugonjwa ulimfutia yule mzee Kiingereza chote, akabaki na Kiswidi chake cha utotoni, na Maalim naye akawa anamjibu kwa Kiswahili, basi wakawa wanaelewana kupitia mbwa tu. Yule mbwa alikuwa jike, jina lake Alva, wa aina ya kwao Uswidi inayoitwa hamiltonstovare. Jina hilo Nasra alinifundisha kwa wiki nzima. Ni mbwa wa kuwinda kwa pua. Maalim aliwahi kunieleza, bila mimi kuuliza, kwamba mbwa hawa hawawindi kwa kundi. Anatoka mmoja peke yake, anainamisha pua, anafuata nyayo za sungura au mbweha msituni hata kwenye theluji, na akiwa juu ya nyayo hubweka njia nzima ili mwenyewe ajue wamefika wapi. Mgongo mweusi, ubavu wa hudhurungi, weupe shingoni, miguuni na kwenye ncha ya mkia. Masikio yamelala. Macho, Mungu nisamehe, ya mtu aliyefiwa.

Siku mzee alipopelekwa kwenye nyumba ya kulelea wazee, mbwa hakukubaliwa kuingia. Watoto wa mzee walikuwa mbali. Kama hakupatikana mtu, Alva angepelekwa kule wanakofungiwa mbwa wasio na wenyewe. Mzee akiwa kwenye kiti cha magurudumu alichukua kamba ya mbwa, akaitia kwenye kiganja cha Maalim.

"Ningeweza kuiacha idondoke," Maalim alituambia. "Mkono niliufunga. Ukishafunga mkono ni amana."

Wala msidhani alifuga ovyo. Alva alilala kwenye banda nyuma ya nyumba, lenye paa zuri kuliko la kwangu. Maalim alikuwa na ovaroli ya bluu ya kushughulika na mbwa tu, glavu za mbwa tu, na kando ya bomba la nje palikuwa na ndoo ya udongo safi alioupepeta kwa chekecheo mwenyewe. Mbwa akimlamba, anaosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Joto likizidi alimtandikia gunia lililoloweshwa maji kivulini. Ule unywele nilioukamata mimi ulikuwa umempita asubuhi aliyochelewa kuamka, na kwa miezi mingine yote nilimchunguza kama afisa forodha, sikuona mwingine.

Lakini mimi nilishachochea. Niliogopa mbwa tangu utotoni, na mtu mwoga akipata hoja ya dini, mbona ataikumbatia! Nikampigia huyu, nikampigia yule, mpaka mwenyekiti wa wazazi akaitisha kikao.

Mwenyekiti wetu Papa Issa ni Mrundi wa Bujumbura, injinia kwa kusoma na dereva kwa kazi, mtu wa amani. Alifungua kikao akijifuta jasho. "Wazazi, ile mbwa ya Maalim imetuletea problème. Dini inakubali mbwa ya kuwinda, ya kuchunga mifugo, na ya kulinda. Nje ya hapo, kufuga tu kwa raha, hapana. Sasa Maalim, sema tu inalinda nyumba, tumalize, twende tukakule."

Yaani alimfungulia mlango, angetoka. Sisi sote tulikuwa tayari kuitikia. Maalim akatikisa kichwa.

"Siwezi kusema hivyo, Papa Issa. Huyu akimwona mwizi atampokea begi."

Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka. Nilisimama. "Basi ni wa kuwinda? Anawinda nini Guildford, Maalim? Chipsi?"

"Hana cha kuwinda," akasema kwa ile sauti yake ndogo, watu wakanyamaza ili wamsikie. "Lakini kazi yake ni kufuata nyayo, na kazi hiyo anaijua. Huku kuna watu wana mitihani ya mbwa wa pua. Mtu anatembea porini, anajificha, na mbwa anafuata nyayo zake mpaka ampate. Nipeni miezi sita. Akifaulu, ana kazi. Asipofaulu, mtaniambia."

"Asipofaulu utachagua," nikasema. "Mbwa au chuo."

Nilidhani nimembana. Akaniangalia bila hasira hata chembe, na hicho ndicho kilichoniudhi. "Nimeshachagua, Mama Nasra. Watoto hawa wana nyinyi. Yule ana mimi tu."

Nilikwenda nyumbani nimeshinda na nimeshindwa. Nasra hakuongea na mimi njia nzima. Tulipofika akasema, "She's not a pet, Mum. She's got a job," yaani huyo si wa kufugwa kwa raha, ana kazi yake, akafunga mlango wa chumba. Ndipo nikaelewa kwamba nimeweka masomo ya mwanangu kwenye pua ya mbwa.

Miezi ile sita Guildford nzima ilimwona Maalim, ovaroli ya bluu, anakimbizwa na kamba. Anamwomba jirani avuke uwanja na ajifiche nyuma ya choo cha umma, kisha anamleta Alva. Mwanzoni mambo yalikuwa ya aibu. Alva akielekea kulia, Maalim anajua jirani yuko kushoto, anavuta kamba. Mbwa anageuka, anachanganyikiwa, anakaa chini. Wiki baada ya wiki. Mwalimu mmoja wa mbwa, Mwaustralia, akamwambia, "Tatizo si mbwa. Tatizo ni wewe, unamsaidia." Maalim alinisimulia haya baadaye akijicheka mpaka machozi. Yeye, aliyeweza kumnyamazia mtoto nusu saa kwenye herufi moja, alishindwa kumnyamazia mbwa! Kosa la Alva lilimuuma kuliko la watoto wetu, kwa sababu mtoto akikosea hapotezi kitu, na Alva akikosea Maalim anapoteza chuo. Alipoelewa hivyo, akaanza kufunga macho akishika kamba. Kweli, alitembea nyuma ya mbwa wake amefumba macho. Alianguka mtaroni mara mbili.

Siku ya mtihani ikafika, na kamati ikanituma mimi kuwa shahidi. Mimi ndiye mwenye kesi, nani mwingine? Uwanja ulikuwa mbali, machungani nje ya Campbelltown. Maalim alitaka kunipa lifti, nikamwambia siingii gari moja na mbwa. Nikapanda treni Guildford, nikaketi mpaka nikasahau naenda wapi, nikashuka nikachukua teksi.

Nilipofika nilimkuta Maalim anaongea na mwamuzi, bibi mmoja wa Kiaustralia mwenye kofia pana, soksi hadi magotini na kipenga shingoni. Walikuwa na tatizo. Mtu wa kuacha nyayo alikuwa ameugua, na sheria inataka awe mtu ambaye mbwa hajawahi kumnusa. Wote pale walikuwa wamekwisha kumpapasa Alva. Maalim akageuka akaniona. Uso wake ukafunguka.

"Mama Nasra hajawahi kumkaribia," akasema. "Miezi sita anapita upande wa pili wa barabara. Huyu ndiye hasa."

Jamani! Ningekataa vipi? Nikapewa karatasi iliyochorwa kwa mkono: fuata uzio mpaka mti ulioanguka, kata kulia, panda mpaka mawe matatu, kaa hapo usiondoke mpaka mbwa aje. Nikatakiwa kuacha soksi yangu moja mwanzoni, mbwa ainuse. Niliivua huku nikisema toba. Soksi hiyo sikuivaa tena.

Nikatembea peke yangu. Nilikuwa na mswala mkobani, na Adhuhuri ilikuwa karibu. Nikafuata uzio vizuri, nikafika kwenye mti ulioanguka, nikatazama kulia kwenye yale mawe. Nyasi zimefika kiunoni, na chini kote vinyesi vya kangaruu. Niswali pale? Kushoto, bondeni, niliona bomba na hodhi la kunyweshea ng'ombe, na kando yake kipande cha ardhi kikavu, safi, chenye kivuli. Nikajiambia, mwisho ni mwisho, huyo mbwa kama ni wa pua si atanusa? Nikakata kushoto. Kwenye mawe sikufika kabisa. Nikatawadha, nikatandika mswala, nikakaa mpaka simu ikaadhini, nikasimama kuswali.

Nikiwa rakaa ya tatu nikamsikia. Sauti ndefu, nzito, inakatika na kurudi, inatoka upande wa uzio. Inakaribia. Nikasujudu. Sauti ikafika kwenye mti ulioanguka, ikakoma. Kimya. Halafu ikaanza tena, imegeuka, inakuja bondeni kwangu mimi. Kisha kipenga kikalia, kikali, mara moja.

Sikukata swala. Niliimaliza, nikatoa salamu kulia, nikatoa kushoto, na upande wa kushoto, hatua kama kumi, nikawaona. Alva amejinyoosha mbele, kamba imekaza kama waya, anabweka akinitazama. Maalim ameshika kamba kwa mikono miwili, anamzuia asinifikie kwa kuwa ninaswali. Nyuma yake mwamuzi, anahema, karatasi mkononi.

"Samahani sana," mwamuzi alikuwa anamwambia. "Kwenye mti alitakiwa kwenda kulia. Ameacha nyayo akafuata harufu ya hewani, upepo unatoka huku. Nimelazimika kupuliza kusimamisha mtihani." Kisha akanigeukia. "Wewe ulitoka kwenye mawe ukashuka huku kutafuta maji, sivyo? Ulifika kwenye mawe kwanza?"

Nataka mnielewe. Yule bibi alikuwa amenipa jibu tayari, kilichobaki ni kuitikia kwa kichwa. Hakuna aliyenifuata, hakuna aliyeniona. Nikisema ndiyo, mbwa amefeli, kesi yangu imeshinda, na sitamwona tena mbwa, wala Maalim chuoni. Nikisema hapana, nimejiaibisha mbele ya mwamuzi, nimeharibu kazi niliyopewa, na nimempa Maalim ushindi. Nilimwangalia Maalim. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaanza kuikusanya kamba taratibu, mzunguko baada ya mzunguko. Hakunikumbusha dini. Hakunitazama hata. Alininyamazia tu, niitafute njia mwenyewe, na nilimchukia kwa hilo kwa muda wa pumzi moja.

Nami nimetoka kutoa salamu sasa hivi, magoti bado yako kwenye mswala.

"Sikufika," nikasema.

"Hukufika?"

"Kwenye mawe sikufika kabisa. Kwenye mti nilikata kushoto. Nilikuja moja kwa moja mpaka bombani, na kutoka bombani mpaka hapa nilipo. Aliyekosea ni mimi, mbwa hakukosea hata hatua moja."

Mwamuzi akaiangalia karatasi yake. Akapanda mpaka kwenye mti, akainama kwenye nyasi, akarudi akizifuata nyayo zangu mpaka kwenye matope ya hodhi, akarudi kwetu anacheka mpaka kofia inamtoka. Akasema miaka yote ya kazi hii hajawahi kuona mbwa aliyeshinda ramani. Akaandika, akatia sahihi.

"Mwachie," akamwambia Maalim. "Amalize kazi yake."

Maalim akanitazama mimi kwanza. Nikajikaza. Nikasema, "Mwachie."

Alva akaja, pua chini, hakuruka hatua hata moja, akapita nilipopita, akazunguka nilipozunguka, akafika akaweka pua yake kwenye kiatu changu kando ya mswala, akakaa. Akanitazama kwa yale macho. Sijui kilichonipata. Miguu haikukimbia. "Haya, umenipata," nikamwambia kwa Kiswahili, na mkia wake ukapiga vumbi.

Maalim alikuwa amegeukia hodhi. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Akanawa uso, akarudi, akasema, "Mungu aikubali swala yako, Mama Nasra."

Jumamosi iliyofuata hati ilifika ukumbini. Papa Issa akaisoma kwa sauti, kila mstari, mpaka muhuri. Kisha akaishusha. "Wazazi, mimi diplôme yangu ya Bujumbura huku wameikataa. Ya mbwa wameikubali!" Ukumbi ukalipuka. Watoto wakapanda juu ya viti. Ikabidi nisimame nisimulie mwenyewe, na nikasimulia vizuri, sikujificha: soksi, vinyesi, bomba, kipenga, yote. Nilipofika kwenye "sikufika," mama mmoja akapiga kigelegele, wengine wakaitikia, na Nasra wangu, aliyekuwa haniongeleshi, akaja mbele ya watu wote akanikumbatia kiunoni. Saa tatu na nusu Maalim akapiga meza. "Haya, tulipoishia." Muungwana ni vitendo, wazee walisema, na siku ile nilijiona muungwana kwa mara ya kwanza tangu nivuke bahari.

Miaka imepita. Alva amefaulu mitihani mingine, mikubwa zaidi, na nyayo anazofuata ni za watu wageni, maana mimi sifai tena, ananijua mno. Mwaka huu goti la Maalim liligoma, wakambadilishia. Nikamkuta Westmead, kwenye wodi yangu hasa, amelala na kofia yake ya kiua kichwani, anamfundisha mgonjwa Mfilipino wa kitanda cha pili kusema "pole". Nilikuwa nimemletea uji kwenye chupa. Alikuwa kwenye sindano za kutuliza maumivu tangu juzi, mambo mengi hakuyakumbuka. Akanishika mkono, wasiwasi umemjaa usoni.

"Mama Nasra, nilipoletwa hapa nilimwacha Alva na jirani. Jirani amesafiri. Mvua inanyesha tangu jana. Yuko wapi?"

"Kwangu."

"Kwako? Una banda?"

"Banda la nini? Yuko jikoni."

Akaniangalia. "Jikoni?"

"Jikoni, Maalim, chini ya meza, kwenye blanketi langu. Nimeshaosha mikono mara nyingi mpaka ngozi inanitoka. Umesema ni amana, sasa ulitaka nimlaze mvuani?"

Alicheka. Alicheka kwa sauti kubwa, ambayo miaka yote ile sikujua kama anayo, mpaka nesi akaja mbio kuangalia goti lake, na Mfilipino wa kitanda cha pili, asiyejua tunacheka nini, akasema, "Pole, pole."